Fuata chuma: namna ya kuandika historia ya stesheni iliyofungwa

Hapa Nachingwea, kusini mwa Tanzania, tuna kata inayoitwa Stesheni. Mtoto anazaliwa, kadi yake ya kliniki inaandikwa Stesheni, anakua akitumwa Stesheni kununua chumvi, na anaweza kumaliza darasa la saba asiulize hata siku moja: stesheni ya nini? Reli yetu ilifungwa 1962, ikang'olewa. Mimi nilikuwa na miaka sita. Baba yangu alikuwa mtu wa genge, mmoja wa wale waliokagua njia kwa miguu, nyundo begani. Baadaye nikawa mwalimu wa historia. Kwa zaidi ya miaka thelathini niliwafundisha watoto Mkutano wa Berlin na Vita vya Majimaji, na reli iliyopita kwetu sikuigusa, kwa sababu haikuwamo kitabuni. Nilipostaafu nikasema sasa hii ndiyo kazi yangu.

Naandika namna nilivyoifanya ili nawe uifanye kwenu, iwe ni Kongwa, ambako tawi lililotoka Msagali nalo lilikwisha, au mji mwingine wowote ambao treni imeacha kusimama. Huhitaji digrii. Unahitaji kauntabuku mbili, penseli, simu yenye kamera, viatu vya kutembelea, na haraka. Haraka naisema kwa uchungu: aliyekuwa na miaka ishirini reli yetu ilipofungwa, leo amevuka themanini.

Kanuni yangu ni moja: fuata chuma. Stesheni ikifungwa vitu vyake haviendi mbali. Reli inakuwa kengele ya shule, taruma, ile nguzo inayolala chini ya reli, linakuwa daraja la mfereji, bati la ghala linahamia jikoni kwa mtu, na wafanyakazi wanakuwa wazee wa mtaani. Kifuate kila kimoja mpaka kilipo sasa, na pale kilipo utamkuta mtu wa kukusimulia.

Anza na kengele

Karibu kila shule ya zamani huku kwetu ina kipande cha reli kinachoning'inia mwembeni, na chuma kingine cha kukigongea. Watoto wanakijua kwa sauti, hawakijui kwa asili. Nenda ukiwa na ruhusa ya mwalimu mkuu, saa moja asubuhi, jua likiwa bado linakuja kwa ubavu. Saa hiyo herufi zilizovimba hutupa kivuli na husomeka. Ikifika saa sita mwanga unashuka wima na huoni kitu.

Tazama ubavu wa reli, ile sehemu nyembamba kati ya kichwa na kitako. Kiwandani chuma kikiwa bado cha moto hupitishwa kwenye mashine inayoacha maandishi yaliyoinuka: jina la kiwanda au kifupi chake, mwaka wa kutengenezwa, na mara nyingi uzito. Uzito huandikwa kwa ratili kwa kila yadi, kwa hiyo ukikuta 50, maana yake yadi moja ya reli hiyo ina ratili 50. Reli nzito ni ya njia kubwa, nyepesi ni ya matawi na njia za pembeni.

Usisugue kwa msasa wala usigonge kutu kwa nyundo, utaondoa na herufi. Tumia brashi ngumu ya kufulia, kavu, uende taratibu. Kisha laza chaki ubavuni uipitishe juu ya herufi: palipoinuka patakuwa peupe, palipobonyea patabaki na rangi ya kutu. Piga picha. Halafu weka karatasi nyembamba juu yake, uibane kwa gundi ya karatasi, upitishe penseli laini ikiwa imelala. Kivuli cha herufi kitatokea kwenye karatasi. Mimi huchukua karatasi mbili kwa kila kipande, maana ya kwanza huwa inateleza.

Kipande cha shule niliyosoma mwenyewe kilinipa herufi tatu na tarakimu mbili tu. Zilizobaki zimeliwa na miaka ya kugongwa pale pale mahali pamoja, asubuhi, mapumziko, na jioni. Niliandika hizo tatu na mbili na nikaacha nafasi tupu. Usijaze pengo kwa kubuni. Na kumbuka kwamba mwaka ulio kwenye chuma ni wa kiwandani. Reli huhamishwa, hung'olewa huku na kulazwa kule, kwa hiyo chuma kinaweza kuwa na umri mkubwa kuliko njia yenyewe.

Ukimaliza, muulize mwalimu mkuu nani aliileta. Hajui. Muulize mlinzi. Mlinzi atasema "muulize mzee fulani". Umeshaanza.

Panga miaka kabla hujaenda kwa wazee

Watu wengi hukimbilia kuhoji. Mimi nasema panga kwanza miaka kwenye ukurasa mmoja, kwa sababu ukijua miaka utajua swali la kuuliza. Ukurasa wangu ulikuwa hivi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company alipendekeza karanga zilimwe Tanganyika kwa matrekta. John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, akaongoza ujumbe wa kukagua ardhi. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Mpango ulikuwa wa ekari 3,210,000 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, na sehemu kubwa ingekuwa huku kusini. Kongwa ilitangulia kwa kuwa ilikuwa karibu na Reli ya Kati. Kusini hakukuwa na reli wala bandari ya meli kubwa.

Ndipo ikajengwa reli ya upana wa mita moja kutoka Mkwaya, kwenye mkono wa bahari wa Lindi, kupanda bonde la mto Lukuledi mpaka Nachingwea. Ilifika kwetu 1949. Mkwaya ilikuwa ya kuanzia tu. Bandari ya kina ilijengwa Mtwara, ikafunguliwa 1954, na njia ya kwenda huko ikaunganishwa na hii yetu pale Ruo. Baadaye tawi likaenda Masasi. Lakini Januari 1951 serikali ya Uingereza ilikuwa imeshauacha Mradi wa Karanga, na pauni milioni 36 zikafutwa.

Isome tena miaka hiyo. Mradi unakufa 1951, bandari iliyojengwa kwa ajili yake inafunguliwa 1954. Mimi nilikuwa nimesikia tangu utoto kwamba "reli ilikufa pamoja na karanga". Miaka imekataa. Reli iliishi zaidi ya miaka kumi baada ya karanga. Basi swali langu kwa wazee likabadilika kabisa: katika miaka hiyo yote isiyokuwa na mradi, treni ilikuwa inabeba nini, na nani alikuwa anaihitaji? Swali hilo nisingelipata kwa kukaa barazani na kusema "babu, nisimulie habari za reli".

Jingine ambalo ukurasa huu unakusaidia ni kutenganisha mambo yanayofanana. Enzi za Vita Kuu ya Kwanza palikuwa na reli nyembamba ya troli kutoka upande wa Lindi kuelekea bara. Mzee akikwambia baba yake alisukuma troli, anasema kweli, ila hazungumzii reli yako. Weka habari yake kwenye ukurasa mwingine. Usimsahihishe mbele za watu.

Itafute njia kwa macho, kisha kwa miguu

Fungua ramani ya setilaiti kwenye simu. Barabara na njia za ng'ombe hukata kona vyovyote. Treni haiwezi. Tafuta mstari unaokwenda umenyooka muda mrefu, kisha ukajipinda taratibu mno, kama upinde uliolegea, bila kona hata moja. Mara nyingine ni mstari wa vichaka katikati ya mashamba, au mpaka wa mikorosho unaokwenda sambamba kilomita nzima bila sababu unayoiona. Kuna pia ramani za zamani za kipimo cha 1:50,000. Ukizipata kwenye ofisi za upimaji na ramani, utaona njia imechorwa.

Kisha tembea. Kwetu nachagua Agosti: nyasi zimekauka au zimechomwa, na msimu wa korosho haujashika, kwa hiyo mwenye shamba hatakuona kama mwizi. Hata hivyo piga hodi kwanza. Sema unatafuta nini. Nimeruhusiwa kila nilikoomba, na mara tatu mwenye shamba aliacha jembe akafuatana nami, kwa kuwa naye alikuwa na swali lake la muda mrefu kuhusu tuta lile.

Unatafuta vitu vinne. Tuta, yaani udongo ulioinuliwa ili njia iwe sawa. Mkato, pale kilima kilipopasuliwa ili treni ipite. Kalvati za zege au mawe zinazopitisha maji chini ya tuta. Na kokoto: chimba kidogo kwa kidole cha mguu, ukikuta mawe yaliyovunjwa yenye ncha, ya ukubwa wa ndimu, katika nchi ambayo mawe yake ya kawaida ni ya mviringo au hakuna kabisa, umesimama juu ya njia. Kila unapokuta kimoja, weka alama kwenye simu na andika kwenye daftari ulichokanyaga.

Mataruma utayakuta mbali na njia. Afrika Mashariki mengi yalikuwa ya chuma kwa ajili ya mchwa, na taruma la chuma lina umbo la hori lililopinduliwa, na matundu ya kufungia reli. Nimeyaona yakiwa ngazi ya mlango, hori la mbuzi, na kizuizi cha maji uani. Usiyanunue, na usimwambie mtu kwamba ni "mali ya historia" mpaka aogope. Piga picha, uliza lilifikaje, basi.

Majina nayo ni mabaki. Kata yetu ya Stesheni nimeitaja. Kuna Farm 17 pia, jina la enzi za mashamba ya namba. Miaka ya baadaye Nachingwea ikawa kambi ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, na hiyo inastahili daftari lake lenyewe.

Kukaa na wazee

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo.

Siku ya kwanza usirekodi. Nenda na kilo ya sukari na majani ya chai, amkia, kaa, jieleze wewe ni mtoto wa nani. Mimi nikitaja jina la baba yangu mlango unafunguka. Wewe kama ni mgeni, nenda na mtu wa pale. Omba siku ya pili. Siku ya pili ndiyo unauliza kama unaweza kurekodi, na akikataa unaandika kwa mkono, na akikataa hilo pia unasikiliza tu na kuandika usiku.

Usimwulize mwaka. Huku kwetu watu wa umri ule wanajua jando na unyago wao kuliko kalenda. Uliza: "Mlipoingia jandoni, treni ilikuwapo au ilishaondoka?" Jando lina wenzake, na wenzake wanajulikana, kwa hiyo jibu moja hukupa umri wa watu kumi. Uhuru wa Desemba 1961 nao ni kigingi kizuri: kabla ya bendera au baada ya bendera. Kutoka kwenye hivyo viwili nimepata mpangilio wa mambo ya stesheni ambao sikuupata kwenye karatasi yoyote.

Uliza kazi, usiulize historia. "Treni ikija, wa kwanza kuisikia alikuwa nani? Alifanya nini?" "Mzigo ukishushwa ulilala wapi?" "Mvua ikinyesha abiria walijificha wapi?" Mtu ukimwuliza historia anajikakamua na kukupa hotuba. Ukimwuliza mikono yake ilikuwa inafanya nini, anasimama na kukuonyesha.

Na watafute akina mama. Nilianza na wanaume walioajiriwa, nikapoteza miezi. Mfanyakazi wa reli alikuwa na mshahara wake, treni ichelewe isichelewe. Mama muuza mihogo ya kuchemsha alikuwa na sufuria motoni. Alilazimika kujua treni inakuja siku gani, inachelewa kiasi gani, ina abiria au ni mizigo tu, na watu wa kutoka Mtwara wanapenda nini. Bibi mmoja alinitajia siku za treni na bei ya vipande vitatu vya muhogo bila kufikiri, huku anapeta mchele. Mama yangu mwenyewe aliuza pale, na mimi nilikuwa mgongoni, kisha miguuni pake. Kumbukumbu yangu mwenyewe ya treni ni mvuke uliotoka chini, kwenye magurudumu, ukanipata miguu, na mimi kushika khanga ya mama kwa mikono miwili. Nimeiandika hivyo hivyo, nikaitia sahihi yangu kama shahidi mwingine yeyote.

Sasa nikueleze siku niliyopata ramani ya stesheni, kwa sababu njia hii naipendekeza kuliko zote. Mzee mmoja, aliyekuwa kijana wa pointi, yaani mwenye kugeuza njia, alishindwa kunieleza stesheni ilivyokaa. Nilimpa karatasi na kalamu, akavirudisha. Akashuka kutoka kwenye kigoda, akafagia mchanga kwa kiganja mpaka ukawa laini, akavunja vijiti. Kijiti kirefu: njia kuu. Kingine kando yake: njia ya kupishania. Kipande cha gunzi: ghala. Kopo la maziwa: tanki la maji. Kisha akaomba korosho mbichi zenye maganda, akazipanga sita kwenye kijiti kirefu, hayo mabehewa, na mbele yake akaweka jiwe jeusi, kichwa cha treni.

"Sasa angalia, mwalimu. Hapa ndipo mwisho wa njia. Mbele hakuna kitu. Kichwa kimekuja mbele, kitarudije Mtwara?"

Nikasema sijui. Miaka sitini na zaidi nimekaa mji huu sijawahi kujiuliza.

Akasogeza jiwe mbele kidogo, akaliachanisha na korosho. Akagusa pale vijiti vinapokutana, akapindisha kidole: "Hapa mimi." Jiwe likarudi nyuma kupitia njia ya pili, likazipita korosho zote sita pembeni, taratibu, akiliburuta na kutoa sauti ya mvuke kwa midomo. Likafika upande wa pili. Kidole tena: "Hapa mimi tena." Jiwe likaingia njia kuu, likagusa korosho ya mwisho, ambayo sasa imekuwa ya kwanza. Aliinua mkono juu, akaushusha, kama mwenye kushika bendera. Wajukuu waliokuwa wakicheza wote walikuwa wamenyamaza.

Piga picha ya ramani ya namna hiyo ukiwa umesimama juu yake kabisa, na utie rula au kalamu pembeni ili ukubwa uonekane. Mwulize umbali kwa vipimo vyake: kutoka jukwaani mpaka tanki ni kutupa jiwe, au ni mpaka pale kwa jirani? Nenda siku hiyo hiyo kwenye kiwanja chenyewe ukapime kwa hatua. Halafu hamishia kwenye karatasi ya miraba. Mimi nilifanya hivyo kwa watu wanne, kila mmoja peke yake. Njia na ghala walikubaliana. Tanki walitofautiana, wawili kushoto, wawili kulia.

Wakitofautiana andika wote. Habari za treni ya mwisho ninazo tatu: mmoja anasema iliondoka na mabehewa matupu, mwingine anasema ilijaa vyombo vya wafanyakazi, wa tatu anasema hapakuwa na treni ya mwisho, watu walingoja tu siku moja isije. Nimeziweka zote tatu na nani kaona akiwa amesimama wapi. Huenda zote ni kweli kwa siku tofauti.

Kisha linda ulichopata. Mzee wa kwanza kabisa niliyemrekodi alizungumza karibu saa mbili. Simu ikaharibika, nikaipeleka kwa fundi, ikarudi inawaka vizuri na haina kitu ndani. Nilijipa moyo kwamba nitarudi kwake baada ya mvua. Kabla mvua hazijakatika tulimzika. Tangu siku ile, sauti ninayoirekodi mchana inakuwa kwenye simu ya mwanangu na kwenye barua pepe kabla sijalala, na mambo makuu yako kwenye kauntabuku kwa mkono wangu. Mtandao ukiwa chini, siondoki kwa mwenyeji mpaka niandike.

Karatasi

Karatasi za kwanza ziko chini ya vitanda, kwenye masanduku ya bati. Omba kuona: kipande cha kazi, risiti, barua ya kuhamishwa, picha. Zipigie picha pale pale mbele ya mwenyewe, uzirudishe mkononi mwake. Usikubali kuondoka nazo hata ukipewa. Barua za kuhamishwa ni muhimu kuliko unavyodhani. Reli na Bandari za Afrika Mashariki lilikuwa shirika la nchi tatu, kwa hiyo mtu wa Nachingwea angeweza kupelekwa Tabora, Tanga, hata Nairobi. Watoto wao wako huko mpaka leo. Kwa kundi moja la simu nimepata picha mbili kutoka Tabora ambazo huku hakuna aliyekuwa nazo. Baba yangu alikataa kuhama, alipanda mikorosho.

Nyaraka za Taifa ziko Upanga, Dar es Salaam. Nenda na barua ya utambulisho, kitambulisho, na orodha fupi ya unachotaka. Ukisema "nataka habari za reli" utaletewa mlima. Sema wilaya, miaka, na jambo. Majalada ya kabla ya uhuru mengi ni ya Kiingereza, na majina ya vijiji yameandikwa kwa masikio ya mgeni, kwa hiyo yasome kwa sauti, ndipo utayatambua. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nayo ina kitengo cha Afrika Mashariki chenye magazeti ya zamani. Na mijadala ya Bunge la Uingereza kuhusu karanga, enzi ya waziri John Strachey, inasomeka bure mtandaoni; kijana wa kidato cha sita anaweza kukusaidia kuitafuta. Humo utajifunza mengi kuhusu pauni na machache sana kuhusu sisi.

Swali la kwa nini ilifungwa lipe ukurasa wake. Mtaani utaambiwa "Mzungu aliondoka na reli yake". Karatasi zinasema mzigo haukutosha kulipia njia iliyojengwa kwa ajili ya mamia ya maelfu ya ekari, na hasara ikaiangukia nchi iliyokuwa ndiyo kwanza imepata uhuru. Hayo nimeyaandika kwa haki. Halafu, mahali pamoja tu, nimeandika maoni yangu na kuyaita maoni: kwamba ilikuwa haraka mno. Wilaya hizi zilikuja kujaa korosho, na barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa inakatika masika; hata Daraja la Mkapa la kuvuka Rufiji lilifunguliwa 2003 tu. Msomaji anaweza kunipinga, lakini ajue ni mimi ninayesema, si jalada.

Kuandika na kurudisha

Nilianza na kengele ya shule, si na London. Kila sura ina kitu kimoja cha chuma au mtu mmoja, na miaka inaingia kupitia kwao. Kurasa zangu hazikuzidi arobaini. Nilichapisha nakala kwa mashine ya kawaida: mbili shuleni, moja ofisi ya kata, moja kwa kila aliyenisimulia. Kila jina la mtu limewekwa kwa ruhusa, na wawili walioomba wasitajwe hawakutajwa.

Kabla ya kuchapisha, wasomee. Si kuwapa wasome, maana macho yamechoka. Kaa chini uwasomee kwa sauti. Tulikaa chini ya mwembe watu kumi na wawili, nikasoma mpaka sura ya stesheni, nikafika mahali nilipoandika kwamba tanki la maji lilikuwa kushoto kama unatazama Mtwara. Yule bibi wa mihogo akainua mkono.

"Kulia," akasema. "Kivuli chake kilikuwa kinaniangukia jioni, na mimi nilikuwa nakaa upande wa ghala."

Wazee wakatazamana. Mzee wa pointi akafumba macho, akapindisha kidole hewani mara mbili, akasema bibi yuko sahihi. Nikafuta, nikaandika kulia, nikaendelea na ukurasa wa kumi na moja.